John Boyd Dunlop: munganga wa wanyama aliyetia hewa ndani ya mupira

Simama kando ya barabara yoyote ya Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia. Utaona kwado amekaa karibu na beseni ya maji, anatafuta tundu ndani ya mupira. Utaona Fuso imebeba mizigo mpaka juu, na pikipiki imebeba watu watatu na kuku wao. Hata chukudu ya mbao, gurudumu lake limevalishwa kipande cha mupira wa zamani wa gari ili lisiruke sana juu ya mawe. Bila mupira, hakuna kitu kinafika sokoni.

Mutu mwenye aliingiza mupira wa hewa barabarani aliitwa John Boyd Dunlop. Hakuwa enjinia, wala hakuwa fundi wa magari. Alikuwa munganga wa wanyama. Wengi wanajua jina lake juu waliliona limeandikwa pembeni ya mipira, wakazani ni jina la kampuni tu. Wachache wanajua maisha yake. Na wachache zaidi wanajua namna kazi yenye alifanya kwa ajili ya mutoto wake ilivyokutana na historia ya uchungu ya inchi yetu.

Mutoto wa wakulima

Dunlop alizaliwa tarehe 5 mwezi wa pili 1840 huko Dreghorn, kijiji cha Uskoti. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba. Alizaliwa miezi miwili mbele ya wakati, na toka utoto alifundishwa kwamba mwili wake si wa kuchezea. Ile neno aliishika maisha yake yote. Alijichunga, alitembea pole pole, hakupenda kujichokesha bure. Mwisho wake aliishi miaka 81, kuliko wengi wenye walizaliwa na nguvu.

Alisoma kazi ya kuponya wanyama katika muji wa Edinburgh, na akaimaliza akingali kijana wa miaka 19. Mwaka 1867 alivuka bahari akaenda kukaa Ayalandi. Yeye na ndugu yake James walifungua nyumba ya kuponyea wanyama katika muji wa Downpatrick, kiisha yeye akahamia Belfast, muji mukubwa wa bandari na viwanda. Mwaka 1871 alioa bibi Margaret Stevenson. Walizaa watoto wawili, musichana na kijana.

Tukumbuke ile wakati farasi ndiye alikuwa gari. Farasi alivuta mizigo ya bandari, alibeba barua, alipeleka munganga kwa mugonjwa. Farasi akivunjika muguu, kazi ya jamaa nzima inasimama. Kwa hiyo munganga wa farasi alikuwa mutu wa lazima mujini, kama vile leo fundi wa motere. Dunlop alifanya kazi vizuri, na kufikia miaka ya 1880 kliniki yake ya Belfast ilikuwa kati ya zile kubwa sana za Ayalandi. Alikuwa muzee mwenye ndevu ndefu, mutulivu, mwenye heshima. Kama angekufa akiwa na miaka 45, hakuna mutu nje ya Belfast angejua jina lake.

Baiskeli ya Johnnie

Mwaka 1887 kijana wake Johnnie alikuwa na umri wa miaka 9 ao 10. Alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu. Magurudumu ya wakati ule yalizungushiwa chuma, ao mupira mugumu usio na kitu ndani. Barabara za Belfast zilipangwa mawe, na reli za tramu zilipita katikati. Mutoto alikuwa anatikisika mpaka kwenye meno. Alimulilia baba yake amutafutie njia ya kutembea vizuri na kwa mbio kuliko wenzake.

Dunlop aliwaza hivi: kama tatizo ni ugumu wa gurudumu, kwa nini tusiweke kitu laini kati ya gurudumu na jiwe? Na kitu gani ni laini, chepesi, tena hakichoki? Ni hewa.

Alichukua kipande cha ubao cha muviringo. Akatengeneza mupira mwembamba kama utumbo, akauzungusha pembeni ya ule ubao, akaufunika na kitambaa, akaupigilia misumari. Kiisha akaujaza hewa kwa pompi ya mupira wa miguu. Halafu akaenda kwenye kiwanja cha nyumba yake kujaribu. Alisukuma kwanza gurudumu la zamani la ile baiskeli: likaenda kidogo, likaanguka. Akasukuma lile la hewa kwa nguvu ileile: likavuka kiwanja chote, likagonga nguzo ya mulango, likarudi nyuma.

Hapo alijua amepata kitu. Alifanya mipira mingine kwa magurudumu ya nyuma ya baiskeli ya Johnnie, na mwanzo wa mwaka 1888 kijana akaenda kuijaribu barabarani. Mwaka ule ule Dunlop akapata karatasi ya serikali yenye kumupa haki ya uvumbuzi.

Kicheko kilichogeuka

Watu wa Belfast waliziona zile baiskeli za mipira minene, wakacheka. Baiskeli ya mashindano ilipaswa kuwa na magurudumu membamba; hizi zilionekana kama zimevimba. Lakini kijana mumoja wa muchezo wa baiskeli, Willie Hume, hakuogopa kicheko. Alinunua baiskeli ya mipira ya hewa, na tarehe 18 mwezi wa tano 1889 akaingia nayo katika mashindano kwenye kiwanja cha chuo cha Queen's College cha Belfast. Alishinda mbio zote nne alizoingia. Kiisha alienda Liverpool, na kule tena akashinda karibu zote. Wenye walicheka wakaanza kuuliza bei.

Kati ya watu wenye Hume aliwashinda kulikuwa vijana wa mufanyabiashara wa Dublin, Harvey du Cros. Baba yao hakukasirika. Aliona feza. Mwisho wa mwaka 1889 kampuni ya kutengeneza mipira ya hewa ilianzishwa Dublin, du Cros akiwa kiongozi wake. Dunlop aliipa kampuni haki yake ya uvumbuzi, na yeye akapewa sehemu katika kampuni. Aliacha kazi ya wanyama, akahamia Dublin.

Mutu mwingine alikuwa wa kwanza

Mwaka 1890 kampuni ikapata habari mbaya. Serikali ilitambua kwamba wazo la Dunlop halikuwa jipya. Muskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amepata haki ya uvumbuzi wa gurudumu la hewa toka mwaka 1845, wakati Dunlop alikuwa mutoto wa miaka mitano. Thomson alijaribisha mipira yake kwenye magari ya farasi ndani ya muji wa London mwaka 1847. Ilifanya kazi. Lakini mupira ulikuwa wa bei kali, baiskeli ya watu wote ilikuwa haijakuja, na motokari haikuwako. Wazo lilikuja mapema sana, likalala zaidi ya miaka 40. Dunlop hakuwa amelisikia. Alilifikia kwa njia yake mwenyewe, lakini sheria haiangalii hayo.

Na hata Thomson hangeweza kitu bila mutu mwingine mbele yake. Mupira wa asili unayeyuka wakati wa joto na kupasuka wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mumarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika pamoja na kiberiti cha unga, unabaki na nguvu katika joto na katika baridi. Goodyear alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni. Kampuni yenye inaitwa kwa jina lake ilianzishwa na watu wengine, miaka mingi kiisha kifo chake.

Kampuni ya Dublin haikuanguka. Du Cros alinunua haki za wavumbuzi wengine waliopata namna ya kushikisha mupira kwenye chuma cha gurudumu na kuutoa kwa urahisi, na kazi ikaendelea. Lakini Dunlop hakuwa mutu wa biashara ya makelele. Hakusikilizana na viongozi wengine, na kati ya miaka ya 1890 akajitoa. Mwaka 1896 kampuni iliuzwa kwa milioni 3 za paundi za Uingereza. Feza hizo ziliingia katika mifuko ya wengine. Kampuni ilichukua jina la Dunlop na ikatumia sura yake ya ndevu katika matangazo, lakini mwenyewe hakuwa tena na kiti ndani yake. Alibaki Dublin na sehemu yake katika duka kubwa la vitambaa.

Mupira unakutana na motokari

Dunlop alifikiri juu ya baiskeli. Wenye walileta hewa kwenye motokari ni Wafaransa wawili, ndugu André na Édouard Michelin wa Clermont-Ferrand. Mwaka 1895 kulikuwa mashindano ya magari kutoka Paris mpaka Bordeaux na kurudi, karibu kilometa 1.200. Kila mutu alisema mupira wa hewa hauwezi kubeba uzito wa motokari. Ndugu Michelin waliendesha wao wenyewe gari yenye mipira ya hewa. Mipira ilitoboka mara nyingi sana, wakashuka, wakatengeneza, wakaendelea. Walifika nyuma sana, lakini walifika. Miaka kidogo tu kiisha ile, motokari nyingi zilikuwa zinatembea juu ya hewa.

Tangu pale njaa ya mupira ikawa kubwa. Kwanza baiskeli, zilizouzwa kwa mamilioni Ulaya na Marekani. Kiisha motokari. Toka mwaka 1908 Henry Ford wa Detroit alianza kutengeneza gari la Model T, na kufikia mwaka 1927 alikuwa ametengeneza zaidi ya milioni 15. Kila gari lilihitaji mipira minne, na mipira ya wakati ule iliisha haraka.

Mupira ulitoka wapi?

Mupira, ao kauchu kama wengi wanavyosema kwa kufuata Kifaransa, ni maziwa ya muti. Sehemu kubwa ilitoka Brazili, kwenye pori la Amazoni. Sehemu nyingine ilitoka kwetu.

Toka mwaka 1885 Kongo ilikuwa mali ya mutu mumoja, mufalme Léopold II wa Ubelgiji. Miaka ya kwanza inchi hii ilimulia feza kuliko yenye ilimuletea. Pembe za tembo hazikutosha. Hapo ndipo mupira wa hewa ulitokea Belfast, na bei ya kauchu ikapanda. Pori letu lilijaa kamba zenye kutoa maziwa ya mupira, zimepanda juu ya miti toka Equateur mpaka Aruwimi na Maniema. Mwaka 1891 mufalme aliamuru kwamba pembe na mupira wa sehemu za Aruwimi, Uele na Ubangi ni vya serikali. Mwenyeji akiuza kwa mutu mwingine, anaitwa mwizi. Sehemu nyingine ziligawanywa kwa makampuni, kama vile ABIR katika bonde la Lopori na Maringa.

Kila mwanamume alipaswa kuleta kipimo chake cha mupira. Katika sehemu za ABIR kilikuwa kama kilo tatu ao ine kila juma mbili, na hiyo ilitaka kukaa porini siku nyingi kuliko zenye alikaa kwake. Alipanda muti, akakata kamba, akakusanya maziwa. Wengi waliyapaka kwenye mwili yakauke, halafu wakayabandua pamoja na nywele na ngozi. Wakati kamba za karibu ziliisha, walienda mbali zaidi, kwa nyama wakali na mvua. Mashamba yalibaki bila mulimaji, njaa ikaingia.

Mwanamume asipoleta kipimo, bibi yake alifungwa mpaka alete. Fimbo ya ngozi ya kiboko ilikuwa ya kila siku. Askari walipewa risasi kwa hesabu, na ili kuonyesha kwamba hawakuzitumia kuwinda, walipaswa kuleta mukono wa kuume wa mutu waliyemupiga. Wengine walikata mikono ya watu wazima. Mwaka 1890 mupira wenye ulitoka Kongo haukufika tani 200. Mwaka 1901 ulifika kama tani 6.000. Ongezeko hilo linaonyesha nguvu gani watu wetu walifanyiwa.

Mutu mumoja aliyefunua mambo haya alitoka pande zile zile za mupira wa Dunlop. Roger Casement alizaliwa Sandycove, karibu na Dublin, muji wenye kampuni ilianzia. Alikuwa konsuli wa Uingereza katika Kongo. Mwaka 1903 alipanda muto, akasikiliza wenyeji kijiji kwa kijiji, na ripoti yake ikatoka mwaka 1904. Mwaka ule ule Edmund Morel, aliyefanya kazi katika kampuni ya meli ya Liverpool na kuona kwamba meli zinaleta mupira Antwerpen lakini zinarudisha Kongo bunduki kuliko bizaa, alianzisha chama cha kutetea Wakongo. Muke wa mumisionari mumoja, Alice Seeley Harris, alipiga picha zilizoonyesha mikono iliyokatwa. Na wenyeji wenyewe walisema mbele ya tume ya uchunguzi, wakijua kwamba wanaweza kulipa na maisha yao. Mwaka 1908 Léopold alilazimishwa kuacha Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji.

Deni la nani?

Tusimuandikie Dunlop zambi ambayo si yake. Hakukata mukono wa mutu. Hakuamuru askari. Kati ya miaka ya 1890 alijitoa katika kampuni, na utajiri mukubwa haukumufikia. Alitafuta tu namna mutoto wake asiumie juu ya mawe.

Lakini historia yake inatuachia fundisho lenye watu wa mashariki ya Kongo hawahitaji kuelezwa mara mbili. Kitu kizuri kinaweza kuvumbuliwa mbali, na mutu mwenye moyo mwema, halafu bei yake ikalipwa na watu wenye hawajakiona hata siku moja. Mwenye kupanda baiskeli Dublin ao Paris miaka ya 1890 alihesabu bei ya dukani. Siku za mwanaume porini na za mwanamuke kifungoni hazikuandikwa kwenye karatasi ya bei. Leo dunia inataka koltani yetu kwa simu, na kobalti ya Katanga kwa motokari za umeme, na ulizo ni lile lile: nani anaandika bei yote?

Kilichopunguza njaa ya mupira wa pori haikuwa huruma peke yake. Mwaka 1876 Muingereza Henry Wickham alipeleka mbegu 70.000 za muti wa mupira kutoka Brazili mpaka London. Zile zilizoota zilizaa mashamba ya Malaya na Ceylon. Kufikia vita ya kwanza ya dunia, mashamba yale yalikuwa yanatoa mupira mwingi kuliko pori, na kwa bei ndogo.

Lakini mambo hayakuisha. Mwaka 1942 Japani iliteka Malaya, na mataifa yenye kupigana nayo yakakosa mupira wa magari ya vita. Serikali ya Ubelgiji ikaongeza siku za kazi ya lazima katika Kongo kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa porini kukata kamba. Wenye walikuwa watoto wakati wa Léopold walifanya kazi ile ile wakiwa wazee.

Dunlop hakuona hayo. Alikufa nyumbani kwake Dublin tarehe 23 mwezi wa kumi 1921, akazikwa katika makaburi ya Deans Grange. Binti yake alichapisha kitabu chenye baba yake aliandika juu ya historia ya mupira wa hewa. Sura yake iliwekwa kwenye noti ya paundi 10 ya benki moja ya Ayalandi ya Kaskazini.

Watu wetu wenye walitoa maziwa ya mupira hawana noti, na wengi hawana hata kaburi lenye kujulikana. Habari zao zimebaki kwa midomo tu. Kama kwenu mungali na muzee mwenye alihadisiwa na wazazi wake juu ya kazi ya mupira, ya wakati wa mufalme ao ya wakati wa vita, mumuulize majina ya watu na ya vijiji. Muyaandike mbele hajaenda nayo.